Bwana Farasi Mweupe, hebu vua kofia!

Mpenzi msomaji, bila shaka umewahi kumwona yule shujaa wa Kizungu, kama si kwenye sinema basi kwenye kitabu cha watoto. Amevaa chuma toka utosini hadi unyayoni, ameketi juu ya farasi mweupe, na mkononi ana mkuki mrefu kama mlingoti wa bendera. Kazi yake, tunavyoambiwa, ni kuokoa wasichana waliofungiwa mnarani, kisha kupiga magoti na kuomba ruhusa ya kubusu mkono. Waume wengi wamelinganishwa na bwana huyu na wakaanguka mtihani.

Leo nimesimama kuwatetea waume hao.

Tuanze na aliyetuuzia sifa hizo. Hadithi za Mfalme Arthur na mashujaa wake ziliandikwa na Sir Thomas Malory, na kitabu chake kikachapishwa 1485. Alikimaliza karibu mwaka 1470 akiwa mfungwa. Wataalamu wengi wanaamini ndiye Malory yule yule aliyeshtakiwa 1451 kwa wizi, kuvamia nyumba ya watawa na kumnajisi mke wa mtu. Kesi haikuamuliwa, kwa hivyo tusimhukumu. Lakini mwalimu wa adabu anayefundisha akiwa korokoroni! Mwanao ungempeleka shule hiyo?

Haya, tuache hadithi, tumtazame shujaa wa kweli. Waingereza wa zama zake walimhesabu William Marshal, aliyefariki 1219, kuwa bora kuliko wote. Wasifu wake uliandikwa kwa mashairi kwa ajili ya jamaa zake, na hata humo mambo yapo.

Siku moja alishinda mashindano ya mikuki huko Pleurs, Ufaransa. Zawadi? Samaki! Wenye zawadi wakamtafuta huku na huko wasimwone. Kumbe bingwa yuko kwa mhunzi, kichwa kimelazwa juu ya fuawe, mhunzi akigonga kofia ya chuma iliyopondeka hadi ikakataa kuvuka.

Fuawe haikuwa kitu kigeni katika ukoo huo. Mwaka 1152, William akiwa mtoto mdogo, baba yake alimweka rehani kwa Mfalme Stephen, kisha akavunja ahadi. Mfalme akatisha kumnyonga mtoto. Baba akajibu kwamba nyundo anayo na fuawe anayo; atafua wana wengine walio bora kuliko huyo. Ndiye baba shujaa huyo! Mtoto alipona kwa sababu mfalme alimhurumia.

Na vita vyenyewe vilikuwa biashara. Ukimkamata shujaa mwenzako kwenye mashindano, hukumwua. Ulichukua farasi wake na kumdai fidia. William na mshirika wake walikamata 103 katika miezi kumi. Matajiri walihurumiana kwa kuwa maiti halipi deni. Askari wa miguu asiye na kitu vitani, nani angepoteza muda wa kumhurumia?

Sasa njoo karibu, dada yangu, maana hapa ndipo penye mfupa.

Mwaka 1189 William alikuwa na umri wa miaka 40 na kitu, jina kubwa, mashamba haba. Katika Mnara wa London alikuwako binti wa miaka kama 17, Isabel de Clare. Baba yake alikuwa amekufa, na yeye ndiye mrithi wa ardhi kubwa Ireland, Wales, Uingereza na Normandy. Binti kama huyo alikuwa chini ya mfalme, na mfalme alimpa amtakaye. William akapewa. Ndiyo, shujaa alimtoa msichana mnarani kweli, lakini alitoka naye pamoja na mashamba. Hatusikii popote kwamba Isabel aliulizwa.

Nisimdhulumu marehemu. Walizaa wana watano na mabinti watano, na mwaka 1207 William alipoitwa na mfalme, alimwacha Isabel Ireland akiwa mja mzito. Aliwaambia wakubwa wa huko kwamba kila alichonacho nchini humo amekipata kwa mkono wa mke huyu. Na adui walipokuja, Isabel aliishikilia Kilkenny.

Kilichomsaidia mwanamke si farasi mweupe. Mkataba wa Magna Carta wa 1215 ulisema mjane asilazimishwe kuolewa akitaka kukaa bila mume. Mwaka 1216, William akiwa msimamizi wa mfalme mtoto, mkataba huo ulitolewa tena kwa muhuri wake mwenyewe. Mstari mmoja wa wino ulifanya ambacho magoti elfu hayakufanya.

Kwa hivyo, dada yangu, kijana akipiga magoti mbele yako hotelini huku marafiki wakipiga picha, usikimbilie kulia. Muulize shamba litaandikwa jina la nani. Kisha jiulize mwenyewe: nikisema hapana, atainuka na adabu ile ile?

Nawe bwana usiye na farasi, usife moyo. Muulize mkeo anataka nini, umsikilize hadi amalize. Lakini kwanza, vua kofia.