Mama Aliyesema "Haya, Mwalimu"

Msomaji kijana, nataka kugombana na neno moja ambalo yumkini ulifundishwa kuwa ni neno la adabu. Neno hilo ni "haya", lisemwapo na mzazi maskini mbele ya meza ya mwalimu mkuu.

Nilipotoka chuo cha ualimu, cheti changu kikiwa bado kipya, nilifundisha katika shule moja ya msingi kwenye miteremko ya majani chai, upande wa Imenti. Asubuhi moja ya mwezi wa Januari alikuja mama amemshika mkono mwanawe wa miaka minane. Mtoto yule alikuwa hasikii. Mamaye alikuwa amemwogesha na kumpaka mafuta, na sare amekwisha kumshonea. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alimtazama mtoto, akatikisa kichwa, akasema kwa upole, "Mama, hapa hatuna mwalimu wa watoto kama huyu. Rudi naye nyumbani, tutakuita." Mama akajibu, "Haya, Mwalimu." Akageuka akaenda zake, wala hakuitwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na madaftari ya kusahihisha mkononi, nami sikusema neno. Miaka mingi baadaye nilimkuta yule kijana akikata majani ya ng'ombe kando ya barabara. Alinitambua kabla sijamtambua, akaniamkia kwa kuinua mkono. Sikuwa na lugha ya kumjibu.

Sasa pima yaliyopotea siku ile. Si mbali na mji wa Meru, pale Kaaga, ipo shule ya viziwi. Embu ipo nyingine, ya Mtakatifu Luka. Igoji ipo shule ya Mtakatifu Lucy kwa wasioona. Tangu mwaka 1984, serikali ya Kenya kwa msaada wa Denmark ilianza kufungua vituo vya kuwachunguza watoto wenye ulemavu na kuwashauri wazazi wao, na tangu 1986 chuo cha Kasarani, Nairobi, kimekuwa kikiwafunza walimu wa elimu maalum. Mama yule hakuhitaji muujiza. Alihitaji barua moja ya kumpeleka kwenye kituo cha uchunguzi. Yeye hakujua. Mwalimu mkuu ilimpasa kujua. Mimi nilijua, maana nilifundishwa chuoni na nikafanyiwa mtihani juu yake, nikafaulu. Ndiyo maana naandika kwa hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni yangu juu ya nafsi yangu.

Unyonge huu una asili yake. Shule ya kwanza ya wasioona nchini ilifunguliwa na Jeshi la Wokovu, Thika, mwaka 1946, na nyingi zilizofuata zilianzishwa na makanisa. Hatuwezi kuwalipa fadhila zao. Lakini wazazi walijifunza pale somo lisilo la kweli: ya kuwa mtoto kipofu akisomeshwa amepewa sadaka, na asiposomeshwa hakuna deni. Mwenye kupokea sadaka haulizi kwa nini imechelewa. Akiambiwa leo haipo, husema haya.

Sheria imekwisha kulifuta somo hilo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 chawapa wenye ulemavu haki ya kuingia shule zisizowatenga na jamii, kwa kadiri inavyowafaa wenyewe, na haki ya kutumia lugha ya ishara na breli. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza mtoto kubaguliwa anapotaka kuingia shule, na ulemavu umetajwa humo waziwazi. Sheria hiyohiyo humtia hatiani mzazi asiyempeleka mtoto wake shuleni. Tazama kinyume hiki! Mama akimficha mtoto nyumbani ana hatia, na shule ikimrudisha mtoto nyumbani, mama ndiye aliyeondoka ameinamisha kichwa.

Wako watakaosema kuwa namfundisha mzazi utovu wa adabu. Nawauliza: mkulima wa Imenti, au wa Manyatta kule Embu, akipunguziwa kilo mbili kwenye mizani ya majani chai, husema haya? Hupaza sauti hata foleni nzima ikasimama. Stakabadhi zake huzihifadhi ndani ya bati la kimbo miaka na miaka. Na wazee wa Njuri Ncheke, ambao hakuna mtu wa Meru awezaye kuwaita wakosefu wa adabu, hawajapata kuamua shauri la mtu aliyekaa kimya nyumbani kwake. Mwenye dai hufika, akasema, akasikizwa. Yawaje kilo mbili za majani zistahili kelele na miaka minane ya mtoto isistahili?

Wengine husema fedha hazitoshi na walimu ni haba. Hilo ni kweli, nami sitalificha. Lakini uhaba huo hulishwa na kimya. Mtoto asiyeandikishwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa haombewi mwalimu wala kitabu cha breli. Kisha ofisi husema kwa moyo safi ya kuwa eneo hili halina watoto wa namna hiyo. Huko Marekani, mwaka 1971, wazazi wa Pennsylvania waliishtaki serikali ya jimbo lao kwa kuwanyima masomo watoto wao waliokuwa wazito wa akili. Walishinda, na mwaka 1975 bunge la nchi yote likatunga sheria inayompa mzazi nafasi ya kukaa mezani mpango wa masomo ya mtoto unapoandikwa. Kabla ya hapo kule nako uhaba ulikuwa jibu la kila siku.

Wala mzazi asikubali kila mtoto apelekwe mbali. Kiziwi aghalabu hustawi kati ya wenzake wanaozungumza kwa ishara, na kwa ajili hiyo safari ya kutoka Siakago hadi Embu mjini ina maana. Lakini mtoto wa kiti cha magurudumu akili yake ni ileile ya jirani yake. Hahitaji bweni la mbali, ahitaji mtelemko wa saruji mlangoni na choo ambacho kiti chake kitaingia. Mzazi ndiye amjuaye mtoto, naye aulizwe.

Wewe waingia wapi? Katika nyumba nyingi za Tharaka, Mbeere na Igembe, wewe uliye kidato cha pili ndiwe msomi wa ukoo mzima. Wajua kusoma kifungu cha Katiba, na shangazi yako hajui. Ikiwa yuko mtoto nyuma ya nyumba ya jirani ambaye hutolewa nje wageni wakiisha kwenda, usingoje kuwa mwanasheria. Nenda umsalimu mamaye kwa heshima, ukae, umsikilize kwanza. Kisha mwandikieni mwalimu mkuu barua: jina la mtoto, umri wake, tarehe aliyofikishwa shuleni, jibu alilopewa, na ombi la kupelekwa kwenye kituo cha uchunguzi. Shule ikimkataa, iombwe kuandika sababu na kutia sahihi. Nakala moja iende ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na mama asiondoke dirishani pale kabla nakala yake haijapigwa muhuri. Aitie ndani ya bati, pamoja na stakabadhi za majani chai.