PLANI YA KIWANJA IKAGULIWE PENYE MATOPE

Ndugu zetu wa Kimanga na Uvira yote, na ninyi mnaochimba dhahabu huko Kamituga mkituma akiba nyumbani, twataka kusema nanyi habari ya viwanja.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika. Watu zaidi ya 30 walikufa, na maelfu wakabaki bila nyumba. Wengi walikuwa wamejenga kando ya mto. Hawakuwa wajinga. Mtu akilipa pesa na kupewa karatasi, huamini kwamba mahali pale pamekwisha kutazamwa.

Je, plani ya kiwanja hukaguliwa kwa ajili gani? Si kwa kupigwa muhuri tu. Mkaguzi yampasa kuuliza: maji ya mvua kutoka milima ya Mitumba yatapita wapi? Mteremko ni mkali kadiri gani? Gari lenye mgonjwa litaingia kwa njia gani? Choo ki mbali na kisima? Mipaka yapatana na ya jirani? Maswali haya hayajibiwi mezani. Mji wetu ni ukanda mwembamba kati ya mlima na ziwa. Anayeukagua sharti avae mabuti, tena aje wakati wa mvua, si mwezi wa Julai mito ikiwa imepungua kama njia ya mbuzi.

Na amwulize mzee wa mtaa. Wazee wanakumbuka ziwa lilivyopanda miaka ya mwanzo ya 1960. Likapanda tena tangu 2020, likaingia katika nyumba za ufukoni. Plani isiyojua hayo ni picha ya ukutani.

Amri ya mipango ya miji ilitolewa na Wabelgiji tarehe 20 Juni 1957. Miaka mitatu baadaye wakaondoka. Sheria yetu ya ardhi ya 20 Julai 1973 yasema udongo ni mali ya Serikali, na haki ya mtu juu ya kiwanja huthibitishwa kwa cheti cha kuandikishwa. Basi kiwanja kikitolewa mahali pa maji, aliyekitoa naye ajibu. Hatukubali maskini alaumiwe peke yake eti "amejenga ovyo."

Twadai plani ya kila mtaa mpya ibandikwe mahali pa wote kabla ya kugawa kiwanja hata kimoja, watu waione na kusema. Mchimbaji haingii shimoni kabla ya kuzijaribu nguzo. Mbona mke wake na watoto walazwe mahali pasipojaribiwa? Nawe uliye na pesa mkononi leo, usilipe bado. Omba kuonyeshwa plani, kisha nenda nayo kiwanjani pamoja na majirani.