Tetekuwanga si ya watoto peke yao

Mtoto akitokwa na vipele vya tetekuwanga mtaani kwetu, hakuna anayeshtuka. Anaogeshwa maji ya mwarobaini, anapakwa kalamaini mwili mzima, na jirani mwenye mimba ya miezi minne anakuja kutoa pole. Akisita mlangoni, bibi mwenye nyumba humhimiza: "Ingia mwanangu, haya maradhi ya watoto." Mjamzito mwingine akipata mkanda wa jeshi ubavuni, ukoo mzima unakaa kikao. Wapo watakaonong'ona kuhusu Ukimwi, wapo watakaotaja mkono wa mtu, na mtoto wa tumboni ataliliwa kana kwamba ameshapotea.

Hofu yote tumeipeleka kusikohusika.

Maradhi haya mawili yanaletwa na kirusi kimoja. Mgonjwa wa tetekuwanga hupona, lakini kirusi hakimtoki. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu, na baada ya miaka, kinga ikilegea, huibuka upande mmoja wa mwili. Kwa hiyo mjamzito mwenye mkanda wa jeshi ni mtu aliyekwisha kupambana na tetekuwanga zamani. Ana kingamwili, na mwanawe anazipata kupitia kondo la nyuma. Mkanda unaunguza, hata kanga ikigusa mtu anaruka, ila haujulikani kumlemaza mtoto tumboni. Ni kweli VVU huufanya utokee zaidi, na kupima ni busara. Lakini wengi huupata bila VVU, na kuugeuza hukumu ya tabia ya mwanamke ni ukatili tu.

Wa kuhofiwa ni yule jirani, ikiwa hajawahi kuugua tetekuwanga. Mtu mzima huugua vikali kuliko mtoto, na mjamzito anaweza kushikwa na nimonia ikamuua. Akiambukizwa kabla ya wiki ya 20, uwezekano wa mtoto kudhurika haufiki mbali, ni kama asilimia 2 au pungufu. Ila anayedhurika huzaliwa na makovu, mkono au mguu uliodumaa, macho au ubongo ulioharibika, na hapo hakuna cha kurekebisha.

Kisha kuna siku zenyewe za kujifungua. Mama akitokwa na vipele kuanzia siku 5 kabla ya uchungu hadi siku 2 baada ya kuzaa, mtoto hupokea kirusi bila kingamwili, maana mwili wa mama haukupata muda wa kuzitengeneza na kumvushia. Kabla tiba hazijapatikana, hadi watoto 30 katika kila 100 walioambukizwa hivyo walikufa. Maradhi ya watoto, naam, lakini si kwa maana ya bibi.

Nitaambiwa kila mtu aliugua utotoni. Hilo lilikuwa kweli zaidi Ulaya. Katika nchi za joto wengi hufikia utu uzima bila kuugua. Na chanjo, aliyoibuni Michiaki Takahashi wa Japani mwaka 1974, haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto wa Tanzania wala Kenya. Hata ingekuwamo, mjamzito hachomwi, kwa kuwa ina kirusi hai kilichodhoofishwa.

Wala kumkwepa mwenye vipele hakutoshi, kwani mtoto huanza kuambukiza siku 1 au 2 kabla havijatoka. Tazama kliniki zetu za mama na mtoto: wajawazito wanaosubiri kupimwa presha wameketi benchi moja na watoto wanaosubiri mzani. Wanapimwa kaswende, VVU na wingi wa damu. Sijamsikia mkunga akiuliza, "Mama, umewahi kuugua tetekuwanga?" Swali hilo halihitaji maabara wala bajeti ya wizara.

Akijibu hapana, aelezwe kwamba akikaa chumba kimoja na mgonjwa, asingoje vipele. Sindano ya kingamwili ni ghali na adimu kwetu, na pale inapopatikana hutolewa ndani ya siku 10. Vipele vikishatoka, daktari anaweza kumpa asaiklovia, ambayo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 24. Hizo si saa za kuzunguka maduka ya dawa kutafuta mafuta ya kupaka. Na apige simu kabla ya kwenda, wamwandalie chumba cha peke yake, asije akaketi kwenye benchi lile pamoja na wenzake.