Msanii si Mzoa Taka

Juni 5 ikifika, Siku ya Mazingira Duniani, wasanii wa makopo na vizibo hupangwa kwenye meza zilizo jirani na miche ya miti. Mgeni rasmi anapita, anapigwa picha, anawapongeza kwa "kusafisha mazingira", kisha anakwenda zake. Hakuna anayeuliza kwa nini zambarau imewekwa ubavuni mwa rangi ya chungwa. Pongezi za namna hiyo ni matusi.

Eti thamani ya sanaa ya vitu vilivyotupwa ni ule uchafu uliopungua mtaani! Basi lori la manispaa ndilo msanii bora wa nchi, maana kwa asubuhi moja linazoa kuliko mchongaji maisha yake yote.

Mtazameni El Anatsui, Mghana aliyefundisha uchongaji kwa miaka mingi Nsukka, Nigeria. Huunganisha maelfu ya vizibo vya chupa za pombe kali kwa nyaya za shaba hadi viwe mapazia makubwa ya ukutani. Rangi zake hakuzinunua dukani. Nyekundu ile na dhahabu ile zilichaguliwa na wenye viwanda, waliotaka pombe yao inunuliwe. Ustadi wake ni kuzipokea rangi za watu na kuzipatanisha. Hata umbo la mwisho halifungi. Wanaolitundika pazia huachiwa walikunje wanavyoona. Mwaka 2015 maonyesho ya Venice yalimtunuku tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Vizibo vilivyopungua Nsukka havikuhesabiwa.

Na mchoraji Edward Saidi Tingatinga je? Alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968, alichora kwa rangi za baiskeli. Rangi ile ina mng'ao wake usiofichika, naye akauacha utawale.

Vivyo hivyo, msanii anayebandika ubaoni kipande cha kitenge, bati lenye kutu na karatasi ya mfuko wa unga mara nyingi hatangulizi penseli. Anaweka, anageuza, anarudi nyuma kutazama, anabandua. Watu husema anabahatisha. Anayebahatisha angeridhika na kipande cha kwanza; huyu amekataa vingi kabla ya kukubali kimoja, na huko kukataa ndiko kunakochukua miaka kujifunza. Ili jicho lijifunze kukataa hivyo, nawashauri chipukizi waanze na rangi wanayoichukia. Ile waipendayo mkono umeshaizoea, unaipaka bila jicho kuangalia.

Kazi nyingi za makopo ni mbaya, hilo silipingi. Basi waambiwe ni mbaya! Tukizihurumia kwa jina la mazingira, waliozitengeneza watajirekebishaje?

Walimu na waandaaji wa maonyesho, ziondoeni kazi hizi kwenye meza ya miche. Zitundikeni ukutani pamoja na nyingine, muandike na bei. Mnunuzi akiguna kwamba ni vizibo tu, mwambieni akaokote vyake.