KUCHELEWA SI UVIVU SIKU ZOTE



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja akaaye Kitengela, afanyaye kazi Athi River, alitujia ofisini na barua tatu za onyo mkononi. Zote zasema neno moja: amechelewa. Ya nne ingekuwa ya kumfukuza. Msimamizi wake amwita mvivu. Lakini mtu huyu akiisha kushika kazi huifanya hata asisikie king'ora cha chakula. Ni mvivu gani huyo?

Tulipomwuliza, alisema huamka saa kumi na moja alfajiri kama jirani zake. Akitafuta kadi ya kazi huona shati halijapigwa pasi. Akipiga pasi hukumbuka deni la dukani. Mara jua limepanda na magari yamekwama barabara ya Namanga. Kwake, dakika kumi na saa nzima ni sawasawa. Tulimshauri aende hospitali, naye daktari akamwambia ana hali iitwayo ADHD.

Hali hii si uchawi wala utovu wa adabu. Ni namna ubongo ulivyokua tangu utotoni. Mara nyingi hurithiwa katika jamaa, na kwa wengi haiishi wakiwa watu wazima. Hupunguza nguvu ya kukaza fikira, kukumbuka na kupima wakati. Dawa ipo, nayo hutolewa na daktari kwa wanaoihitaji. Lakini dawa peke yake haimpangii mtu siku yake.

Mchunga ng'ombe wa Kajiado huonyeshwa wakati na jua, na ng'ombe wenye kiu humkumbusha. Kiwandani hakuna ng'ombe wa kutukumbusha. Basi mwenye hali hii asitegemee kichwa chake; wakati auweke nje, mahali pa kuuona na kuusikia.

Kwanza, kadi, nauli na nguo ziwekwe pamoja karibu na mlango tangu usiku. Pili, simu ilie mara mbili: ya kuamka na ya kutoka nyumbani. Nayo ilazwe mbali na kitanda. Tatu, safari ihesabiwe kuanzia mwisho. Kama kazi huanza saa moja na safari ni dakika arobaini, ongeza ishirini za foleni. Utoke saa kumi na mbili kamili. Nne, kazi kubwa igawanywe na kuandikwa kwenye karatasi, na kila sehemu ikiisha ifutwe. Tano, apatane na jirani wapitiane asubuhi.

Kwa matajiri twasema: maagizo yaandikwe, yasitupwe matano kwa pumzi moja. Na wakumbuke Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41. Kabla ya kumwachisha mtu kwa mwenendo mbaya au kazi duni, tajiri hana budi kumweleza sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama hapo. Ndugu, usiingie chumba hicho peke yako.

Lakini tusidanganyane. Sheria hii si ruhusa ya kuchelewa. Mtu asipofika, mwenzake ndiye abebaye mzigo wake, naye ana haki ya kunung'unika. Chama kitamtetea yule ajitahidiye, si yule atafutaye kisingizio.

Mwenzetu yule alikwenda kwa meneja pamoja na mjumbe wetu, akaeleza hali yake bila kuficha. Tangu siku hiyo zimepita wiki nne, naye amechelewa mara moja tu. Barua ya nne haijaandikwa.

Mficha maradhi kilio humfichua. Aliye na shida hii amwone mjumbe mapema, barua ikiwa moja, asingoje ya tatu. Nanyi mlio wepesi wa kuamka, mpigieni mlango jirani yenu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Umoja ni nguvu.