Onyo la virusi ni tangazo tu

Juzi usiku mama mmoja wa kwetu hapa ugenini alitupigia simu akilia. Tableti yake ilikuwa imeandika kwa wino mwekundu kwamba ina virusi na picha zote zitafutika baada ya dakika mbili. Kadi ya benki alikuwa nayo mkononi. Picha zenyewe ni za wazazi wake, marehemu wote wawili.

Tulimwambia asibonyeze kitu. Onyo lile halitoki kwenye tableti. Ni tangazo la tovuti, na tovuti haiwezi kuingia ndani ya kifaa chako ikahesabu virusi. Funga ukurasa. Ukigoma, funga programu yote ya intaneti, kisha futa historia na data za tovuti. Kwenye Android, likirudi, tazama ni tovuti gani uliyoiruhusu kukutumia arifa, uizuie. Namba ya simu iliyoandikwa pale usiipige kabisa.

Hii ni biashara kubwa. Machi 2024, FTC, tume ya Marekani inayolinda wanunuzi, ilitangaza kuwa kampuni mbili za Cyprus zilizotuhumiwa kuwatisha watu kwa maonyo kama hayo kwenye kompyuta zitalipa dola milioni 26.

Lakini lawama yetu iko kwa vijana wetu. Wanawanunulia wazazi tableti, wanawawekea WhatsApp, basi. Mzee akiuliza, anachekwa. Mjukuu wa mama yule alikuwa chumba cha pili.