UCHAMBUZI: Nauli ya roketi imeshuka, lakini mwenye gari ni mmoja

MKULIMA wa Bokoli, Kaunti ya Bungoma, anayetazama mawingu mwezi Machi ili ajue siku ya kutia mbegu ardhini, huenda asione uhusiano wowote baina ya shamba lake la mahindi na ushindani wa mabwanyenye wa Marekani wanaorusha roketi.

Uhusiano upo, nao unazidi kukua. Utabiri wa mvua anaousikia redioni hutegemea setilaiti. Tangu Julai 2023, Starlink imekuwa ikiuza nchini intaneti inayotoka angani. Nayo Taifa-1, setilaiti ya Kenya iliyorushwa Aprili 15, 2023, ilikusudiwa kupiga picha za kusaidia kilimo, utunzaji wa misitu na kukabili majanga.

Vyote hivyo hupanda juu kwa roketi. Kwa hivyo, anayepanga nauli ya roketi anagusa pia mfuko wa mkulima huyo.

Kwa miongo mingi kazi ya kurusha roketi ilikuwa ya serikali, na karibu kila roketi ilitupwa baada ya safari moja. Ilikuwa sawa na mtu kununua matatu mpya, akapeleka abiria kutoka Webuye hadi Kitale, kisha akaitumbukiza mtoni.

Kampuni ya SpaceX, iliyoanzishwa na Elon Musk mwaka 2002, ndiyo iliyovunja desturi hiyo. Roketi zake tatu za kwanza zilifeli na ya nne ikafaulu Septemba 2008. Desemba 2015 sehemu ya chini ya roketi yake ya Falcon 9, yenye injini zilizo ghali zaidi, ilirudi ikatua wima. Machi 2017 sehemu iliyokwisha kutumika ilirushwa tena.

Matokeo yake yalibadilisha soko. Mwaka 2024 Falcon zilifanya safari zaidi ya 130, takriban nusu ya safari zote za roketi duniani zilizofika kwenye mzingo wa dunia.

Washindani hawakulala. Rocket Lab, iliyoanzishwa New Zealand mwaka 2006, iliwalenga wenye setilaiti ndogo kwa kutumia roketi ndogo ya Electron, ambayo injini zake huchapwa kwa mashine za kisasa. Blue Origin ya Jeff Bezos ilifikisha roketi yake kubwa ya New Glenn kwenye mzingo Januari 2025, na Novemba mwaka huo ikafaulu kuitua sehemu ya chini. Nchini China, kampuni ya LandSpace ilikuwa ya kwanza duniani kufika kwenye mzingo kwa roketi inayotumia gesi ya metheni, Julai 2023. Ulaya nayo ilianza kurusha Ariane 6 mwaka 2024, ingawa roketi hiyo hutumika mara moja tu.

Bei na ushindani

Msomaji anaweza kudhani kuwa majina hayo mengi yanamaanisha ushindani mkali wa bei. Hesabu hazisemi hivyo.

Bei ya kukodi Falcon 9 nzima ilitangazwa kuwa takriban dola milioni 62 mwaka 2018. Mwaka 2022 ilipandishwa hadi dola milioni 67, na kampuni ikataja mfumko wa bei. Yaani gharama ya mwenye roketi imepungua kwa kuitumia tena na tena, lakini sehemu kubwa ya nafuu hiyo imebaki mfukoni mwake. Gari likiwa moja kituoni, nauli hupangwa na dereva.

Waliofaidika zaidi ni wenye mizigo midogo. SpaceX ilianzisha safari za pamoja ambapo wateja wengi hugawana roketi moja, kwa bei ya awali ya dola milioni moja kwa kilo 200. Taifa-1, ambayo Shirika la Anga za Juu la Kenya (KSA) lilisema iligharimu takriban Sh50 milioni, ilipanda kwa njia hiyo kutoka kambi ya Vandenberg, California.

Tatizo jingine ni kwamba mwenye gari pia ni mfanyabiashara wa sokoni. Starlink ni mali ya SpaceX, na safari nyingi za Falcon hubeba setilaiti zake yenyewe. Mwaka 2022, OneWeb ilipokosa roketi za Urusi kufuatia vita vya Ukraine, ililazimika kumgeukia mshindani huyo huyo ili abebe setilaiti zake. Mwaka uliofuata Amazon nayo ilinunua safari tatu kutoka kwake.

Kenya iko wapi?

Kenya si mgeni katika kazi hii. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, Kaunti ya Kilifi, Waitaliano na Wamarekani walirusha setilaiti kati ya 1967 na 1988. Mojawapo, iliyorushwa Desemba 12, 1970, ilipewa jina Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake.

Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa tuko kwenye ikweta, roketi zitakuja zenyewe. Ni kweli kwamba mzunguko wa dunia, ambao kwenye ikweta ni takriban kilomita 1,670 kwa saa, huisukuma roketi inayoelekea mashariki. Lakini setilaiti nyingi za kupiga picha za mashamba, Taifa-1 ikiwemo, hupita juu ya ncha za dunia, na safari hiyo haifaidiki na msukumo huo. Ikweta ni mtaji, lakini haitoshi kuvuta wateja peke yake.

Hasara nazo zipo. Desemba 30, 2024, pete ya chuma ya takriban kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. KSA ilieleza kuwa ni kipande cha roketi. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unaitaka nchi iliyorusha chombo kulipia madhara yake ardhini hata kama hapakuwa na uzembe. Kadiri safari zinavyoongezeka, ndivyo wanakijiji watakavyohitaji serikali inayojua kudai haki hiyo.

Kwa hivyo, Kenya inapopanga setilaiti zijazo, itangaze zabuni kwa kampuni kadhaa badala ya kuzoea mlango mmoja. Ijiunge na majirani ili mizigo ya Afrika Mashariki ijadili bei kwa pamoja, kama wakulima wanavyouza mahindi kupitia ushirika. Na kabla ya kutumia fedha za umma Ngomeni, ieleze wazi ni wateja gani watakaohitaji kurusha kutoka huko.

Mkulima wa Bokoli anajua vyema kinachompata anayepeleka gunia lake kwa mnunuzi mmoja tu. Serikali yake haina sababu ya kufanya kosa hilo hilo angani.